Kasisi wa Shamba na Usemi wa Watu Wake

Wasomaji wetu walio wengi walijua jina la Askofu Edward Steere tangu siku zao za kwanza shuleni. Vitabu vyake viwili vya Kiswahili, kile cha kufundishia lugha na kile cha hadithi za Unguja, vilipigwa chapa London mwaka wa 1870. Lakini ni wachache wakumbukao kwamba mwaka ule Steere hakuwa Unguja, wala hakuwa bado askofu. Alikuwa kasisi wa kijiji kidogo kiitwacho Little Steeping, katika mkoa wa Lincolnshire huko Uingereza, akiwahudumia wakulima wa huko siku za Jumapili, na siku nyingine akizitengeneza hadithi alizozisikia kwa wazee na vijana wa Unguja. Mwaka wa 1872 ndipo aliporudi Afrika.

Jambo hili halikuwa la ajabu katika nchi ile. Katika karne ya 19, kasisi wa shamba wa Kiingereza mara nyingi alikuwa ndiye mtu wa pekee kijijini mwenye vitabu vingi. Watu wake walikuwa wachache, na siku zake zilikuwa ndefu. Basi makasisi wengine walikusanya majani na wadudu, wengine walifukua makaburi ya kale, na wengine walitega masikio wakasikiliza namna watu wasemavyo. Katika hao wa mwisho twataka kueleza habari za mmoja, naye ni William Barnes wa mkoa wa Dorset. Huyu hakufika Afrika, na kazi yake yote aliifanya katika Dorset na mkoa wa jirani. Lakini swali lililomshughulisha maisha yake yote ni swali litupasalo sisi sote tulio walimu na wachungaji: mtu aliyetumwa kuwafundisha watu wa shamba, auchukulieje usemi wao? Auone kuwa ni kosa la kusahihishwa, au ni mali ya kutunzwa?

Barnes alizaliwa mwaka wa 1801 karibu na mji mdogo wa Sturminster Newton, katika bonde la Blackmore. Nchi ile ni ya majani mengi na ng'ombe wa maziwa, na mashamba yake yamezungukwa na nyua za miti. Wazazi wake walikuwa watu wa kulima, wala hawakuwa na mali. Katika nyumba yao na katika nyumba za jirani ilisemwa lahaja ya Dorset, nayo ilikuwa mbali sana na Kiingereza cha vitabuni. Mtoto alisoma katika shule ya kijijini, akasifiwa kwa mwandiko wake mzuri, na kwa sababu ya mwandiko huo alichukuliwa angali kijana mdogo awe karani wa mwanasheria mmoja wa pale Sturminster. Chanda chema huvikwa pete. Mwaka wa 1818 alihamia Dorchester, mji mkuu wa mkoa, akawa karani wa mwanasheria mwingine. Huko alimwona msichana aitwaye Julia Miles, binti wa mtumishi wa ushuru, akampenda. Lakini karani maskini hakuweza kuoa upesi. Walingojeana mpaka mwaka wa 1827.

Kazi iliyompa riziki ilikuwa ni ualimu. Mwaka wa 1823 alichukua shule ndogo katika kijiji cha Mere, mkoa wa Wiltshire, na mwaka wa 1835 akarudi Dorchester kufungua shule yake mwenyewe. Mchana alifundisha, usiku alijifunza. Alijifunza Kilatini na Kiyunani, Kifaransa na Kiitaliano, lugha ya watu wa Wales, Kiajemi na Kihindustani, tena lugha ya kale ya Waingereza iliyosemwa kabla ya Wanormani kuja mwaka wa 1066. Kumbukumbu zake za kila siku aliziandika kwa Kiitaliano.

Hapa yafaa tueleze njia aliyoipitia kufika ukasisi, maana ndiyo njia ya mtu asiye na fedha. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge palikuwa na kanuni ya zamani iliyomruhusu mtu mzima aliyepita umri wa miaka 24 kuandikwa katika chuo, akaendelea na kazi yake nyumbani kwake, na baada ya miaka kumi akapewa cheo cha elimu ya dini, mradi akae chuoni muda kidogo na kushinda mitihani yake. Watu wa namna hii waliitwa watu wa miaka kumi, na wenzao matajiri waliwadharau. Barnes alijiandikisha katika chuo cha St John's, akaenda akijifunza huku anafundisha watoto wa watu ili alishe watoto wake. Haba na haba hujaza kibaba. Mwaka wa 1847 alifanywa shemasi, na mwaka wa 1848 kasisi, umri wake ukiwa umekwisha pita miaka arobaini na mitano. Cheo chake cha Cambridge alikipata mwaka wa 1850.

Mtaa wake wa kwanza ulikuwa Whitcombe, kijiji kidogo sana kilicho maili chache kutoka Dorchester. Ujira wake ulikuwa mdogo hata usingeweza kumlisha mtu, kwa hiyo hakuacha shule. Juma zima alifundisha mjini, na Jumapili alikwenda kwa miguu mpaka Whitcombe kusalisha. Hivyo alikuwa mwalimu na mchungaji pamoja, kama walivyo wengi wa ndugu zetu wa vijijini.

Kisha ilimjia miaka ya giza. Mwezi wa Juni 1852 Julia alifariki, akamwachia watoto. Imesimuliwa na walioziona kumbukumbu zake kwamba tangu siku ile, kila aandikapo habari za siku, alimalizia kwa kuliandika jina la mkewe kwa namna ya Kiitaliano, Giulia, na desturi hiyo aliishika miaka zaidi ya thelathini. Mwaka ule ule huduma yake ya Whitcombe ilikoma. Shule nayo ilianza kupungua. Mwaka wa 1861 Serikali ilimpa malipo ya pauni 70 kwa mwaka kwa ajili ya elimu yake na mashairi yake. Na mwaka wa 1862 mwenye nchi ya Came, karibu na Dorchester, alimpa mtaa wa Winterborne Came pamoja na Whitcombe. Hapo Barnes akaifunga shule yake, akahamia katika nyumba ya kasisi iliyoezekwa kwa mabua. Alikaa humo miaka 24, mpaka alipokufa.

Hizo ndizo habari za nje. Sasa tutazame watu aliotumwa kwao. Wakulima wa kibarua wa Dorset walikuwa miongoni mwa watu maskini kupita wote katika Uingereza. Mwaka wa 1830 vibarua wa mikoa ya kusini waliinuka kwa njaa, wakavunja mashine za kupuria nafaka na kuchoma moto mabunda ya nyasi. Mwaka wa 1834, katika kijiji cha Tolpuddle kilicho mashariki ya Dorchester, vibarua sita waliopata shilingi saba kwa juma, nao wakitishwa kwamba zitapunguzwa ziwe sita, waliungana kwa kiapo wasaidiane. Walihukumiwa pale Dorchester wapelekwe Australia miaka saba, na ingawa walisamehewa mwaka wa 1836, jambo hilo halikusahauliwa. Watu hawa hawakudharauliwa kwa umaskini tu, bali kwa ulimi pia. Mtu wa mji akitaka kumchekesha mwenzake, alimwigiza mtu wa Dorset. Katika michezo na magazeti mkulima aliyesema *zee* badala ya *see*, yaani kuona, na *vind* badala ya *find*, yaani kupata, alikuwa ni mjinga kabla hata hajamaliza kusema neno lake.

Ni katika mwaka ule ule wa 1834 Barnes alipoanza kupiga chapa mashairi yake ya lahaja ya Dorset katika gazeti la mkoa. Katika yale ya kwanza aliwatia vibarua kinywani maneno ya kujibizana juu ya mambo yaliyowaumiza: malisho ya watu wote yaliyozungushiwa ua na matajiri, hata maskini akakosa pa kumlishia ng'ombe wake na pa kuokotea kuni, na watu wanaoacha nchi yao kwa kukosa chakula. Hawa si watu wa kuchekwa. Ni watu wanaosema jambo zito kwa lugha yao wenyewe, tena kwa adabu na utaratibu. Mwaka wa 1844 mashairi hayo yalikusanywa yakawa kitabu, na vitabu vingine viwili vya namna hiyo vikafuata mwaka wa 1859 na 1862. Wanaoyapenda mashairi ya Kiswahili wangefurahi kuona namna alivyoyapima. Hakuridhika na vina vya mwisho tu. Alichukua kwa washairi wa Wales na wa Uajemi mbinu za kupatanisha milio ndani ya mstari, kama vile mshairi wa pwani asivyoridhika na kina cha mwisho akataka na cha kati.

Lakini Barnes hakuipenda lahaja kwa sababu ya mashairi peke yake. Aliichungua. Alionyesha kwanza kwamba si Kiingereza kilichoharibika. Kiingereza cha vitabuni kimekua kutoka usemi wa London na mikoa ya katikati. Lakini usemi wa Dorset umetokana na lugha ya Wasaksoni wa Magharibi, ndiyo lugha ya ufalme wa Mfalme Alfred aliyekufa mwaka wa 899, ambayo ndani yake viliandikwa vitabu vya kale vya nchi hiyo. Basi yule kibarua aliyechekwa hakuwa mtu aliyeshindwa kusema kama mabwana. Alikuwa mtoto wa nyumba nyingine, tena nyumba ya kifalme.

Jambo la pili litawapendeza sana wasomaji wetu, maana linafanana na ngeli zetu. Kiingereza cha vitabuni hakigawi majina ya vitu katika mafungu. Mti, maji, nyundo, vumbi, vyote huonyeshwa kwa neno moja, *this*, na vyote huitwa *it*. Watu wa Dorset hawakusema hivyo. Kitu chenye umbo lake kamili, kama mti au nyundo, walikionyesha kwa neno *theäse* kikiwa karibu, na *thik* kikiwa mbali, na badala ya jina lake walisema *he*, kama asemwavyo mtu mume. Bali kitu kisicho na umbo wala mpaka, kama maji au vumbi, walikionyesha kwa *this* na *that*, wakakiita *it*. Watu wenye elimu waliposikia mti ukiitwa *he* walicheka, wakidhani mkulima hajui kutofautisha mti na mtu. Barnes aliwaonyesha kwamba wao ndio wasiosikia. Alitoa mfano wa kitambaa. Mwanamke akishika kitambaa ambacho hakijashonwa bado, akikipima kama kitatosha meza, atasema *this*, maana ni kitambaa tu, hakina umbo. Akikwisha kukikata na kukishona kikawa kitambaa cha meza, papo hapo atasema *theäse*. Sindano imekitia katika ngeli nyingine. Sisi tusemao mti huu na maji haya hatuhitaji kufundishwa kwamba mgawanyo wa namna hii ni akili wala si ujinga. Lakini Mwingereza wa siku zile alihitaji kufundishwa, naye alifundishwa na kasisi wa shamba, aliyefundishwa na wanawake wa vijijini.

La tatu ni juu ya nyakati za vitenzi. Kwa kutumia maneno madogo *do* na *did*, wasemaji wa Dorset walipambanua tendo lililofanywa mara moja na lile lifanywalo kwa desturi. Kwa kinywa cha mkulima, "mbwa aliruka" na "mbwa alikuwa na desturi ya kuruka" ni maneno mawili yaliyotengana waziwazi. Anayeijua nguvu ya *hu-* katika Kiswahili, kwamba "huenda" si "anakwenda", ataelewa mara moja kile ambacho Barnes alikisikia na wengine hawakukisikia.

Mambo haya aliyaandika katika vitabu vingi. Mwaka wa 1849 alitoa kitabu cha kuwasaidia wanaoanza kujifunza lugha ya kale ya Waingereza. Mwaka wa 1854 ilitoka sarufi yake kubwa, ambamo alilinganisha lugha zaidi ya sitini ili aone kanuni zilizo za wanadamu wote. Mwaka wa 1863 chama cha wataalamu wa lugha kilimpigia chapa sarufi na maneno ya lahaja ya Dorset. Na mwaka wa 1878, akiwa mzee wa miaka 77, alitoa kitabu kilichowashangaza watu kuliko vyote, kwa kuwa ndani yake alijaribu kukifukuza Kilatini kutoka Kiingereza. Hakutaka hata neno litumiwalo kwa sarufi. Yeye aliiita *speech-craft*, yaani ufundi wa kusema. Elimu ya mimea aliiita *wortlore*, yaani maarifa ya majani. Na kigari cha kumsukumia mtoto mchanga, ambacho jina lake lilitoka Kilatini, alikiita *push-wainling*, yaani kigari cha kusukuma.

Watu walicheka, na hata leo wako wachekao. Sisi pia hatuwezi kusema kwamba alifaulu, wala kwamba ilipasa afaulu. Maneno ni kama wageni: akikaa miaka mia katika nyumba, akapika, akazaa, huyo si mgeni tena. Nani atathubutu kutuondolea sisi kitabu, habari, wakati na fikira, kwa kuwa asili yake ni Uarabuni? Lakini kabla hatujacheka, tuiangalie nia yake, maana ilikuwa nia ya mchungaji. Barnes aliona kwamba neno la Kilatini ni mlango uliofungwa kwa mtu asiyekwenda shule. Kibarua akisikia jina la kigeni la elimu ya mimea hapati kitu. Lakini akisikia neno lililoundwa kwa maneno mawili anayoyajua tangu utoto, anaweza kukisia maana, na mwenye kukisia maana amekwisha kuingia mlangoni. Alichokipinga hasa ni elimu yenye kujificha. Dawa yake ilipita kiasi, lakini ugonjwa aliuona sawasawa.

Je, kanisani alisema kwa lahaja? La. Sala zilisomwa kama zilivyo katika Kitabu cha Sala, na mahubiri yake yalikuwa kwa Kiingereza cha kawaida, chepesi, kisicho na maneno ya kujionyesha. Kweli, mwaka wa 1859 Wimbo Ulio Bora ulitoka kwa lahaja ya Dorset kwa mkono wake, lakini aliufanya kwa kuombwa na Louis Lucien Bonaparte, wa ukoo wa Napoleon, aliyekuwa akikusanya tafsiri za namna hiyo kwa ajili ya elimu ya lugha, si kwa ajili ya ibada. Lahaja aliipa nafasi mahali pengine. Alialikwa katika kumbi za Dorchester na za miji mingine kuwasomea watu mashairi yake, na watu wa kazi walijaa kumsikiliza. Kwa mara ya kwanza walisikia usemi wa nyumbani kwao ukisomwa mbele ya mkutano na mtu mwenye joho, wala hakuna aliyekuwa akiigizwa.

Kazi yake ya mtaa haikuwa ya makuu. Aliwazuru watu wake kwa miguu, nyumba kwa nyumba, naye alijulikana kwa watoto kwa ajili ya tamutamu zilizokuwamo mifukoni mwake. Binti yake Lucy, aliyeandika habari za maisha yake mwaka wa 1887, aeleza kwamba watu wa vijijini walimwona kuwa mtu wa kuambiwa mambo yao bila woga, kama mtu wa kwao. Hatushangai. Mtu huficha siri yake kwa yule ambaye mbele yake yampasa kwanza kuutengeneza ulimi. Katika Dorchester alionekana siku za Jumamosi, mzee mwenye ndevu nyeupe, amevaa suruali fupi za zamani zilizoishia magotini na viatu vyenye vifungo vya chuma, ana mkoba begani na fimbo mkononi, na mbwa mdogo nyuma yake. Alikuwa akisimama mbele ya saa ya mji, atoe saa yake mfukoni, ailinganishe, kisha aende zake. Aliyemweleza hivyo ni Thomas Hardy, mwandishi mkubwa wa riwaya, mtoto wa Dorset yeye naye. Hardy alipokuwa kijana anajifunza uchoraji wa majengo, ofisi yao ilipakana na shule ya Barnes, na yeye na mwenzake waliposhindana juu ya sarufi walikwenda kumwuliza mzee jirani awaamue.

Hapo 1845, kabla hajawa kasisi, Barnes alikuwa mmoja wa waanzilishi wa nyumba ya makumbusho ya mkoa. Wakati huo reli ilikuwa inakuja Dorchester, na wajenzi walikuwa karibu kuikata ngome ya kale iitwayo Poundbury. Wenyeji waliomba, wakasikilizwa, na njia ikapitishwa chini yake. Twalitaja hili kwa kuwa linaonyesha moyo wake wote: hakupinga kila jambo jipya, bali alitaka lipitapo lisibomoe.

Hata hivyo haitupasi kumsifu mtu mpaka tuifiche kasoro yake. Mashairi yake ya baadaye yanasimulia zaidi furaha za shamba: mavuno, bustani, mkono wa mke, kengele za jioni. Njaa inaonekana kwa nadra. Mtaa wake aliupewa na mwenye nchi, naye hakuwa mtu wa kugombana. Waliosimama mbele kudai ujira wa vibarua walikuwa wengine: George Loveless, kiongozi wa wale sita wa Tolpuddle, na baadaye Joseph Arch, aliyeanzisha chama cha vibarua wa mashamba mwaka wa 1872, wote wawili walikuwa wahubiri wa Kimethodisti wasio makasisi. Msomaji aweza kusema: mtu mwenye njaa hahitaji sarufi, ahitaji mkate. Neno hilo ni kweli, nasi hatulipunguzi. Lakini twaongeza hili. Wale sita walihukumiwa na watu waliokuwa wamezoea kuwasikia vibarua kama wanavyosikia sauti za mifugo. Kuwafanya mabwana wasikie kwamba usemi ule una kanuni, una historia, una uzuri, haikuwa badala ya mkate. Lakini ilikuwa ni kuondoa udhuru mmoja wa kuwanyima.

Barnes alifariki nyumbani kwake Came tarehe 7 Oktoba 1886, akazikwa karibu na kanisa lake. Hardy alikuwa amejenga nyumba yake jirani na hapo mwaka mmoja kabla yake. Siku ya maziko, alipokuwa akienda kwa miguu kupitia mashambani, mwanga wa jua la jioni uliupiga ubao wa jeneza lililokuwa likitolewa nyumbani, ukamwakia machoni. Akauona kuwa ndio mkono wa kuagana wa rafiki yake, akatunga shairi juu yake. Mwaka wa 1889 watu wa Dorchester walimsimamishia sanamu mbele ya kanisa la Mtakatifu Petro, nayo iko hapo hata leo, mzee na fimbo yake. Shairi lake moja la bustani ya matofaa lilitiwa muziki na Ralph Vaughan Williams mwaka wa 1901, nalo bado linaimbwa na watu wasiojua hata jina la aliyelitunga.

Lakini usemi wenyewe ulipungua. Sheria ya mwaka wa 1870 ilileta shule mahali pengi pasipokuwa na shule, na katika shule hizo watoto walifundishwa kuona haya kwa usemi wa mama zao. Hardy alipochagua mashairi ya Barnes na kuyatoa tena mwaka wa 1908, mengi ya maneno yake yalikuwa tayari yamehitaji kuelezwa. Kumbe ni kasisi huyu, aliyedhaniwa kuwa anacheza na maneno ya washamba, aliyeiandika sarufi yao kabla jua halijatua.

Sasa turudi kwetu. Mwaka wa 1928 katika mkutano wa Mombasa Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka wa 1930 kamati ya kuitengeneza lugha hiyo ikaanza kazi yake. Shule na makanisa yamepata faida kubwa kwa hilo, maana kitabu kimoja chasomwa kutoka pwani hata maziwa. Barnes mwenyewe hakukataa Kiingereza cha wote. Alikifundisha shuleni na kukihubiri kanisani. Lakini kuchagua lahaja moja iwe ya vitabu si kuzihukumu nyingine kuwa makosa. Mtoto wa Mombasa anayeandika *ndoo* badala ya njoo ameandika neno la Muyaka. Mtoto wa Lamu ana nyumbani kwake maneno ambayo tenzi za kale haziwezi kusomeka bila hayo. Na wale ambao lugha ya mama yao si Kiswahili kabisa, nao huleta darasani ngeli zao na methali zao. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini mara nyingine mtu haiachi asili yake mwenyewe, hunyang'anywa na mwalimu mwenye wino mwekundu.

Twajua kwamba mwalimu ana watoto wengi na muda mfupi, na kwamba mtihani una jibu moja. Hatumwombi aache kusahihisha. Twamwomba tu, kabla ya kulipiga neno mstari, amwulize mtoto: "Nyumbani nani husema hivi, na husema lini?" Jibu lake aliandike katika daftari. Steere alifanya hivyo Unguja, na Barnes alifanya hivyo miaka yote aliyokwenda na kurudi kwa miguu katika njia ya Whitcombe. Hao wawili hawakuanza na elimu kubwa. Walianza kwa kukubali kwamba mtu wa shamba asemapo neno wasilolijua, huenda mwanafunzi ni wao.